Vichwa Viwili, Betri Moja

Jumatatu, 1 Machi 1976

Tumefika Iringa. Mvua. Hospitali iko juu ya Kihesa, matope mpaka mlangoni. Kitanda changu ni cha pembeni. Blanketi linakwaruza.

Nimechoka. Basi.

Jumanne, 2 Machi

Dokta Kalinga kasema niandike kila siku, hata kama sina la kuandika. Kasema hatasoma. Vizuri. Asisome.

Kaniuliza jina, nikachelewa kulikumbuka. Tusajigwe. Kazi? Mwalimu, darasa la tatu, Mbeya. Mtoto? Mmoja, Asukile, ndiyo kwanza anasimama kwa kushika kiti. Hapo nikalia. Sijui kwa nini hapo.

Kaniuliza nani kanileta. Nikamweleza, akaacha kuandika. Ukoo wa mume wangu ulikaa kikao. Wakaamua nije huku nitibiwe, na Pasaka wakae tena. Nikiwa nimepona, narudi nyumbani kwa Mika na kwa mtoto. Nikiwa sijapona, narudishwa kwetu Tukuyu, na Asukile anabaki kwa shangazi yao Regina pale Mwanjelwa. Na shahidi wa kupona kwangu ni nani? Baba Mkwe! Mtu asiyeruhusiwa kuniona. Sisi Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Hata jina lake silitaji, na hapa pia siliandiki. Kwenye kikao hakuna hata mmoja aliyeona tatizo. Walimchagua kwa sababu hajawahi kusema uongo.

Ndiye aliyenileta. Kwenye basi alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa. Tulipofika Makambako alimtuma kondakta aniulize kama nimekula. Nikamtuma kondakta amwambie nimekula. Sikuwa nimekula. Ningecheka, kama ningekuwa na nguvu za kucheka.

Jumatano, 3 Machi

Sikutoka kitandani. Ng'washi, Msukuma wa Usangu aliye kitanda cha jirani, kaninywesha uji bila kuniomba ruhusa.

Uji hauna ladha. Nadhani si kosa la uji.

Alhamisi, 4 Machi

Nimeonyeshwa mashine. Ni kasha la bati lenye kitufe kimoja cha kuzungusha na sindano inayotembea. Dokta alisomea nchi ya baridi, huko ndiko alikoitoa, akaibeba mapajani mpaka Dar. Jina lake elektrosoni. Sista Lusia, muuguzi wa wodi yetu, anaiita redio. Unafungwa mkanda wenye pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi, mbele kwenye paji la uso, nyuma ya masikio, kisha umeme unapita. Siyo ile shoti inayomrusha mtu, kasema Dokta. Hii ni umeme mdogo, wa kunong'ona.

Halafu kanieleza ugonjwa wangu. Una pande mbili. Upande wa chini ndio huu niliomo. Upande wa juu ndio ule wa mwaka jana. Mashine inampandisha mtu kutoka chini. "Shida yake moja," kasema, "haijui pa kusimama." Kwa hiyo nikianza kukosa usingizi, au kusema sana, au kupanga mambo makubwa, nimwambie mara moja. Nikasema sawa. Mambo makubwa! Hata kuchana nywele nimeshindwa.

Umeme wa mji unakatikakatika, kwa hiyo betri inatolewa kwenye Land Rover ya hospitali. Hilo ni jambo la kwanza. Jambo la pili, mashine ina mikanda miwili na imetengenezwa kwa watu wawili. Ukifunga kichwa kimoja sindano inaruka ovyo. Dokta ameomba kichwa cha pili wodi nzima, hakupata. Ng'washi kamwambia kichwa chake kimejaa ng'ombe tayari. Basi wakaleta boga kutoka jikoni. Nimekaa leo mchana nimefungwa mkanda mmoja, boga limefungwa mwingine. Sindano ilitulia kidogo. Kisha boga likaanza kunuka.

Wamelipika jioni. Sikula.

Ijumaa, 5 Machi

Baba Mkwe kasikia habari za boga. Kaja dirishani, mgongo kaugeuzia ndani, kamwomba Sista Lusia amwambie Dokta kwamba yeye ana kichwa, na hana kazi.

Dokta alifurahi. Mimi nikasema haiwezekani, nikajifunika blanketi mpaka juu. Sista Lusia ni Mhehe, mila zetu hazijui, akauliza kwa nini. Alipoelezwa akaenda kuleta shuka, akalitundika kwenye kamba katikati ya chumba cha mashine. Baba Mkwe, bado mgongo dirishani, kauliza kama shuka linafika chini. Halifiki. Kasema basi si ukuta. Wakashona shuka mbili pamoja. Sasa linafika. Baba Mkwe kafikiri kwa muda mrefu, kisha katoa hukumu: ni ukuta, na hivyo ni vyumba viwili.

Mzee wa kanisa, mtu mzima, anakalia nafasi ya boga kwa ajili yangu. Naona aibu.

Jumatatu, 8 Machi

Leo tumefungwa wote. Mimi huku, yeye kule, waya zinapita chini ya shuka. Kitufe ni kimoja, kwa hiyo kila ninachopata mimi na yeye anapata. Nilisikia kama sisimizi kwenye paji la uso. Upande wa pili nikasikia mtu anajizuia kukohoa.

Mara kelele nje: mama wa Kalenga uchungu umembana, Land Rover inatakiwa. Dereva akaingia akang'oa betri. Sista Lusia akatoka mbio, Dokta akatoka mbio. Hakuna aliyetukumbuka! Tumebaki tumefungwa kwenye mashine iliyokufa, mimi na mtu nisiyepaswa kuwa karibu naye, na fundo liko kisogoni, silifikii. Nikawa napumua polepole ili asinisikie.

Kisha Baba Mkwe akasema, taratibu kabisa, kama anayeongea na ndama:

"Wewe mashine. Waambie wa huko kwamba Asukile kaota jino jingine. Nimeambiwa na dereva wa basi la Mbeya."

Mila hainiruhusu kumjibu. Lakini jino! Nililifikiria lile jino mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mashine," nikasema, "la juu au la chini?"

Akakohoa, safari hii bila kujizuia.

"Mashine, waambie la juu."

Jumatano, 10 Machi

Hakuna nafuu. Naamka mzito, nalala mzito.

Lakini Sista Lusia kaniambia yule mzee wangu kapiga mluzi ukumbini. Baba Mkwe! Miaka yote ya ndoa yangu sijasikia hata mtu akisema amemsikia akipiga mluzi. Huu ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, Kihesa nzima inanukia, kwa hiyo wakamshuku. Dokta kamwambia apumue, akamnusa. Chai tupu.

Basi Dokta kampima kama anavyonipima mimi, kamwuliza maswali yale yale, na nimemwona akiandika kwenye faili langu, kwa kukosa pengine pa kuandika: mgonjwa hana nafuu, msindikizaji ana nafuu kubwa.

Hata ugonjwa wangu sasa kuna mtu anapona kwa niaba yangu.

Ijumaa, 12 Machi

Ya leo niyaandike yote.

Sista Lusia alitoka kufuata pamba. Baba Mkwe kaiambia mashine kwamba usiku sasa analala. Kaiambia tangu Mama Mkwe afariki alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakaa juu ya mpini wa jembe nje ya nyumba, anangoja kuche, na kukicha hana haja nako. Miaka mitatu. Akienda shamba anasahau kalima wapi. Hakumwambia mtu, maana mzee wa kanisa hasemi mambo kama hayo, na pia hakuna aliyeuliza.

Hakuna aliyeuliza! Mimi ndiye niliyekuwa nampikia. Napeleka chakula, naweka kizingitini, nageuka naondoka haraka, ndiyo heshima. Sahani zilikuwa zinarudi zimejaa. Mimi nikadhani hapendi mboga zangu, nikanuna.

Nikaiambia mashine: wa huku anaomba msamaha. Kikohozi. Kisha mashine ikaambiwa iniambie kwamba mboga zilikuwa nzuri.

Nimelia sana. Ila safari hii najua nililia nini.

Jumatatu, 15 Machi

Nimecheka!

Ilikuwa hivi. Jana watu wa kanisa walimchukua Baba Mkwe kwenda Kalenga kuona makumbusho. Leo tumefungwa mikanda, Dokta anazungusha kitufe, na yeye akaanza kuisimulia mashine. Kasema ameona kichwa cha Mkwawa kwenye kabati la kioo. "Kimepelekwa Ulaya kikarudishwa. Kimesafiri kuliko mimi. Hakina mkanda, hakina betri, hakina daktari, na kati ya vichwa vyote nilivyoona Iringa, ndicho kilichotulia."

Kikanitoka kicheko. Kikubwa, cha tumboni, mpaka mkanda ukateleza ukaniziba macho. Dokta kashika kitufe asijue azungushe wapi. Sista Lusia hakucheka, Mkwawa ni mtwa wao, chifu wa Wahehe, si wa kuchekwa. Aliukaza mkanda wa Baba Mkwe zaidi ya lazima, nilimsikia akiguna.

Kisha Baba Mkwe akasema: "Mashine, nimesikia."

Sauti yake ilikuwa imejaa maji. Baadaye kamtuma dereva wa basi apeleke habari Mbeya. Neno moja tu: amecheka.

Jumatano, 17 Machi

Uji wa hospitali ni mtamu. Nashangaa sikugundua mapema. Una pilipili manga kwa mbali, au labda ni sufuria.

Nimeamka kabla ya wenzangu. Nimemsuka Ng'washi. Hakuomba, lakini alikaa. Nimefagia wodi, nimefagia na ukumbi, nimekutana na mfagiaji, tumegombana kidogo, tumepatana. Kuna jua.

Dokta kauliza nalalaje. Nikasema vizuri. Nalala vizuri! Kidogo, lakini vizuri. Kaniangalia, kapunguza kitufe. Nikamsikia Baba Mkwe upande wa pili anasema Dokta asipunguze, kwani dawa inayofanya kazi inapunguzwaje? Dokta kampa maelezo marefu. Mimi na Baba Mkwe hatukuyapenda.

Ijumaa, 19 Machi

Nina mengi, niandike haraka kabla hayajanitoka.

Kwanza kwaya. Wodi hii ina sauti nzuri zimekaa bure, zinalia tu. Ng'washi anaimba kwa Kisukuma, sauti ya chini, inatikisa dirisha. Nimewapanga, tumeanza na nyimbo mbili, na wa wodi ya wanaume wanaitikia kupitia ukutani, hawajui wimbo lakini wana bidii. Pili, nimemwomba dereva anioshee Land Rover vizuri, maana betri inayotoka kwenye gari chafu itatoa umeme wa namna gani? Alinitazama. Nikaiosha mwenyewe. Tatu — hili ni kubwa — kwa nini mikanda miwili? Fundi yeyote wa pale Mwanjelwa anaweza kushona mikanda arobaini. Unaweka mashine mezani kwa mwalimu, unafunga darasa zima, kitufe kimoja, na wale watoto wanaosinzia saa ya hesabu wote wanaamka pamoja. Nitamwandikia Waziri. Nimeshamwandikia. Nitamwandikia tena, ile ya kwanza ilikuwa na maneno machache.

Dokta kaniita. Kauliza kama nina mipango yoyote. Nikasema hapana, nataka tu kumwona mwanangu. Nikatulia kwenye kiti kama mwanafunzi mwenye embe la wizi mfukoni. Kasema mikanda tuiache kwanza, kwa siku chache. Kasema mimi sasa napanda mwenyewe.

Hajui anachosema. Nimepona. Nikiwa chini wanalalamika, nikipanda wanalalamika. Wanataka nisimame wapi, mlangoni?

Mwaka jana pia ilianza na uji mtamu. Hilo nalikumbuka, sikusahau, mimi si mjinga. Uji ulikuwa mtamu, nikawa naamka mapema, nikagawa kitanda chetu pale sokoni kwa mama wa vitumbua kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. Mika alirudi kazini akakuta mkeka. Kisha nikamfunga Asukile mgongoni nikaifuata reli mpya kwenda Dar, kwa miguu, kwenye mvua, nikiimba. Walitukuta Inyala. Mtoto kalowa chapachapa, kifua kinakoroma, midomo imebadilika rangi. Mimi nilikuwa bado naimba. Waliponipokonya mtoto nilidhani wananipokea mzigo kwa wema.

Lakini ile ilikuwa ile. Sasa ni tofauti, kwa sababu sasa najua. Aliyekuwa haoni shimo ndiye hutumbukia, mimi naliona, naliona vizuri kabisa, nalizunguka.

Kwaya inanisubiri.

Jumapili, 21 Machi

Habari kutoka Mbeya! Dereva wa basi kazileta, moto moto. Ukoo umesikia kwamba nimecheka, na hawataki tena kungoja Pasaka. Kikao ni keshokutwa, nyumbani kwa shangazi Regina. Baba Mkwe akisema nimepona, Asukile ni wangu, na Mika kaniazimia kitanda kwa jirani. Akisema sijapona, Tukuyu. Basi linaondoka kesho asubuhi. Dokta hayupo, kaenda Dodoma kuomba betri ya hospitali isiyokuwa ya gari. Sista Lusia kasema haruhusiwi kunizuia na haruhusiwi kuniruhusu, kisha kaenda kanisani.

Nimeshafunga mzigo. Nimeufungua nikaufunga upya, vizuri zaidi. Nimemgawia Ng'washi kanga zangu mbili, na viatu, kwa sababu ndani ya basi viatu vya nini.

Mchana Baba Mkwe alikuja chumba cha mashine, akakaa upande wake. Nami nikaenda upande wangu. Betri hakuna, mikanda imetundikwa msumarini. Tukawa tunaiambia mashine mambo ya safari. Mimi nilisema zaidi. Nilimsimulia habari za kwaya, na Waziri, na mikanda arobaini, na jinsi nitakavyomfundisha Asukile kusoma kabla hajajua kutembea, maana wakati anapoanguka anapoteza muda. Nilicheka, nikashindwa kuacha, nikajaribu kujiziba na kanga, kicheko kikatokea pembeni. Yeye mwanzo alicheka nami. Kisha nikagundua kwamba nacheka peke yangu, tena kwa muda.

Shuka likatikisika.

Kalifungua! Kalisogeza kwa mkono wake mwenyewe, pole pole, kamba ikalia, na kaniangalia usoni. Sikujua wapi pa kuficha uso. Ndiyo mara ya kwanza. Ana macho ya Mika. Ni mzee kuliko nilivyodhani, na ni mfupi. Kasema:

"Mama Asukile. Kwenye kikao ni mimi nitakayesema, na nikisema umepona watakupa mtoto. Hawataniuliza mara mbili. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Kicheko hiki ni cha kupona, au ni kile cha relini?"

Nikamwambia, "Baba, subiri kidogo niandike."

Kavuta kigoda, kakaa. Anasubiri. Ananitazama, haondoi macho, na hakuna hasira usoni, afadhali ingekuwepo. Nikisema ni cha kupona ataamini, atabeba neno langu mpaka Mwanjelwa, atalisimamia mbele ya ukoo wote. Nikisema kile kingine basi nimemtoa Asukile kwa mdomo wangu mwenyewe. Jibu ninalo. Ninalo tangu Jumatano, siku ya uji mtamu. Nimemwambia ngoja nimalize sentensi hii tu, naye kaitikia kwa kichwa, ila sentensi haitaki kwisha, maana bado sijaeleza sauti ya tatu ya kwaya, wala rangi ya mikanda, na mvua imekatika na barabara ya Mbeya naiona kutoka hapa inang'aa, na basi lina uvivu sana, linasimama kila mahali, kwa miguu si mbali kama watu wanavyosema, na kutoka Mbeya kwenda mbele pia si mbali, mtoto akiwa mgongoni hata uzito wake huusikii, anakuwa mwepesi, anatulia kabisa, na nikinyanyua kalamu tu itabidi nimjibu huyu mzee, kwa hiyo siinyanyui, naandika, mkono hauumi, na